Mlenda chini ya kitanda

Najua nimeadimika, na sababu mnazijua wenyewe: testi juu ya testi, asaimenti za makundi ambazo watu watano wanaandika majina na mmoja ndiye anayeandika kazi, na UE hiyo inanukia. Leo nimeamka kabla ya wenzangu wote, nimebandika maharage, na wakati yanachemka nimeona nitoe dukuduku langu ambalo limenikaa rohoni tangu mwaka wa pili. Linahusu msongo wa mawazo na sufuria. Msicheke kwanza, someni mpaka mwisho ndipo mcheke.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili asiyetaka aondoke zake: sehemu kubwa ya kile tunachokiita "stresi za chuo" ni njaa iliyovaa suti. Sijasema yote. Nimesema sehemu kubwa. Tunakula vibaya, tunalala vibaya, mwili unalalamika, halafu sisi tunasema ni wahadhiri. Na dawa yake ya kwanza haiuzwi kwenye kopo pale dukani. Ni ugali wa dona, maharage, mboga za majani, dagaa na pera, umepika mwenyewe, ikiwezekana na wenzako.

Sasa nisikilizeni kisa chenyewe, maana sisemi haya kwa kusoma tu.

Mimi ni Mgogo wa Dodoma, wengi mnajua. Mwaka wa pili, semista ya pili, mama alinitumia mzigo kwa basi. Nikaenda kuuchukua stendi ya Mbezi, mfuko wa salfeti umefungwa kwa kamba ya katani utadhani ndani mna dhahabu. Ndani mlikuwa na mlenda uliokaushwa na kutwangwa, unga wa uwele, unga wa ulezi na karanga kilo kama tatu hivi. Nikafika nao chumbani hosteli, rumeti wangu mmoja akauliza, "Hee, mbona panaponukia kama ghala?" Wakacheka. Na mimi nikacheka. Kisha nikausukuma ule mfuko chini ya kitanda kwa mguu.

Kwa mguu jamani! Mzigo wa mama yangu.

Ukakaa huko karibu miezi miwili. Na mimi mwenyewe nilikuwa nakula nini? Asubuhi chai ya rangi na andazi, au bila andazi. Mchana soda na biskuti kwa sababu foleni ya chakula ni ndefu na kipindi kinaanza saa 8. Jioni zege, yaani chipsi mayai kwa wale wa zamani, na tomato ya kutosha. Usiku kopo moja la kinywaji cha kuongeza nguvu ili nipige msuli mpaka saa 9. Ikifika wiki ya testi hata zege nalipitisha, maana bumu limeisha na nyingine nimetuma nyumbani. Kwenye picha nilizokuwa naweka mtandaoni nilikuwa nimependeza sana. Watu wanasema "umepungua, unang'aa". Duh.

Halafu vikaanza vituko. Nikipanda ngazi ghorofa ya pili moyo unakwenda mbio kama nimefukuzwa na mbwa. Mikono inatetemeka nikishika kalamu. Nasoma ukurasa mmoja mara nne sijui kilichoandikwa. Nalia bila sababu, mtu akiniuliza "vipi?" tu, machozi hayo. Usingizi hakuna. Nikawaambia watu nina stresi. Mmoja akasema niombewe. Mwingine akasema ni mapenzi hayo. Wa tatu, ambaye simtaji, akasema kuna mtu kijijini hajafurahia mimi kufika chuo kikuu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, "Mara ya mwisho umekula nini?" Na mimi sikujiuliza.

Nikaanguka. Nimetoka kwenye testi, nimefika kwenye korido, nikaona giza. Nilipozinduka niko zahanati. Wakanipima, sio malaria, sio mimba (mliodhani hivyo pole yenu, teh teh teh). Damu: 8.1. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 tayari ni upungufu wa damu. Nesi mmoja mtu mzima, wa umri wa mama yangu, akaketi kitandani akaniuliza, "Mwanangu, huko chuoni unakula nini?" Nikaanza kutaja. Nilipofika kwenye biskuti nikanyamaza mwenyewe. Aibu. Akaniambia, "Hii damu haitengenezwi na chipsi." Wakanipa vidonge vya madini ya chuma vya miezi mitatu na kunitaka nirudi kupimwa.

Ile testi, niwaambie tu, nilipata 9 kati ya 40. Nikala sapu ya kozi ambayo ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Huo ndio ulikuwa mshahara wa kuonekana wa mjini.

Usiku ule nikauvuta ule mfuko. Nikakuta kitu ambacho sikukiona siku ya kwanza. Zile karanga zote zilikuwa zimechambuliwa. Moja moja. Hakuna iliyosinyaa, hakuna yenye ukungu, hakuna iliyobadilika rangi. Wale wa kwetu mtakumbuka mwaka 2016, sumukuvu ilivyoua watu mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walikula mahindi yenye sumu ya ukungu bila kujua. Tangu mwaka ule mama yangu hapiki karanga wala mahindi bila kukaa chini na ungo na kuchambua. Kilo tatu za karanga, wadau. Hesabuni ni karanga ngapi hizo. Mtu amekaa jioni ngapi na macho yake yale, ili mimi nisidhurike, na mimi niko Dar nanyweshwa kopo.

Basi ndipo nilipoanza kusoma mambo ya chakula, na ndipo nilipofika kwenye hii hoja yangu. Niwape nondo chache nilizozipata, kwa lugha yetu.

Kwanza, njaa na wasiwasi vinatumia mlango mmoja. Ukikaa saa nyingi bila kula, sukari kwenye damu ikianza kushuka, mwili unatoa homoni kama adrenalini na kotiso ili kupandisha sukari kutoka kwenye akiba yake. Homoni hizo hizo ndizo zinazotoka ukiogopa. Kwa hiyo moyo unadunda, jasho jembamba, mikono inatetemeka, roho haitulii. Wewe umekaa maktaba unadhani unaogopa testi ya takwimu, kumbe mwili unadai ugali. Na upungufu wa damu nao unaleta yale yale: uchovu, moyo kwenda mbio, akili kushindwa kutulia mahali pamoja. Na dada zangu, hili ni letu hasa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta kama asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Karibu nusu! Yaani kwenye benchi lenu la watu sita, wasichana watatu hivi wanaweza kuwa wanasoma kwa betri nusu.

Pili, lile kopo. Kafeini, iwe ya kahawa au ya kopo, nusu yake inachukua kama saa tano kutoka mwilini, kwa wengine zaidi. Ukinywa saa 4 usiku, saa 9 usiku nusu bado inazunguka. Unalala saa 10, unaamka saa 12 umechoka, unatafuta kopo jingine. Hiyo ni mikopo umiza. Unakopa nguvu za kesho kwa riba, na kesho ikifika unakopa ya keshokutwa. Na chai ya rangi nayo, rafiki yetu wa siku zote, ina vitu vinavyozuia mwili kufyonza madini ya chuma kutoka kwenye mboga na maharage. Sisemi tuache chai, nani ataweza? Nasema tuisogeze, tunywe saa moja au mbili mbali na mlo. Na kwenye mlo wenyewe tukamulie ndimu, au tumalizie na pera au embe, kwa sababu vitamini C inasaidia hayo madini yaingie. Jambo dogo, halina gharama, na hakuna aliyetuambia shuleni (au walituambia tukawa tunapiga stori nyuma).

Tatu, vidonda vya tumbo. Hapa kuna imani mbili chuoni. Moja inasema stresi na njaa ndivyo vinavyoleta vidonda, ya pili inasema ukiwa navyo dawa ni kunywa maziwa tu. Ukweli ni kwamba vidonda vingi vinatokana na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, au na dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ambazo sisi tunazimeza kama pipi tena tumbo likiwa tupu. Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, walimgundua huyo bakteria mwaka 1982, watu wakawacheka, Marshall mwaka 1984 akamnywa bakteria mwenyewe ili awathibitishie, na mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel. Kwa hiyo tumbo likikuwaka moto wiki tatu, usijitibu na maziwa wala usiniamini mimi na mlenda wangu. Nenda ukapimwe, kuna dawa na inatibika. Chakula kizuri ni rafiki, sio daktari.

Nne, hili la chakula na moyo kuwa mzito. Huko Australia tena, mwaka 2017, profesa Felice Jacka na wenzake walitoa matokeo ya utafiti uitwao SMILES. Walichukua watu 67 wenye sonona na mlo mbovu. Nusu wakapewa ushauri wa kula: mboga, matunda, kunde na maharage, nafaka zisizokobolewa, samaki, karanga, na kupunguza vitamu na vya kukaanga. Nusu wakapewa mtu wa kukaa na kupiga nao stori tu. Baada ya wiki 12, karibu theluthi moja ya wale wa chakula walikuwa wamepona kwa vipimo vyao, dhidi ya asilimia 8 ya wale wa stori. Ni utafiti mdogo, na wahusika walijua wamewekwa kundi gani, kwa hiyo tusiupigie vigelegele kupita kiasi. Wengi wao pia waliendelea na matibabu yao ya kawaida. Lakini someni tena ile orodha ya vyakula. Maharage, mboga, samaki, karanga, nafaka isiyokobolewa. Si ndio ule mfuko wa chini ya kitanda? Si ndicho anachokula bibi yako?

Ndio maana nakasirika nikisikia mtu anasema kula vizuri ni mambo ya watu wenye hela, sijui mafuta ya zeituni, sijui parachichi kwenye mkate. Chakula bora tulichotumiwa na mama zetu ndicho tunachokionea aibu. Sembe nyeupe ndiyo ya mjini, dona ni ya jela na shule za bweni, ndivyo tulivyokuzwa. Lakini mnajua sembe inakuwaje nyeupe? Wanakoboa ganda na kiini cha hindi, ambako ndiko kuna nyuzinyuzi, mafuta mazuri na sehemu kubwa ya vitamini B na madini. Halafu vile vilivyotolewa, yaani pumba, wanapewa kuku na ng'ombe. Ng'ombe anakula vitamini, wewe unakula weupe. Ila nami niwe mkweli: dona inataka mahindi safi, kwa sababu sumukuvu ikiwepo inakaa sana huko huko kwenye ganda na kiini. Kwa hiyo nunua mahali unapoona mahindi yenyewe, chambua, yenye ukungu tupa, na usidanganyike kwamba moto wa jikoni utaimaliza hiyo sumu. Mama yangu alijua hilo bila kukanyaga chuo.

Sasa, maneno matupu hayavunji mfupa. Tunafanyaje? Niwape tunavyofanya sisi.

Mwaka wa tatu nilitoka hosteli, tukapanga vyumba viwili vinavyotazamana, wasichana wawili na wavulana wawili. Kila mmoja anatoa 20,000 kwa wiki. Kwa bei tunazopata sisi: dona kilo 5 ni 9,000, mchele kilo 3 ni 8,400, maharage kilo 2 ni 6,000, dagaa nusu kilo 5,000, mboga za majani mafungu mawili kila siku 7,000, nyanya vitunguu na karoti 6,000, mafuta lita moja 6,500, karanga kilo moja 4,500, unga wa ulezi 4,500, matunda 8,000. Gesi mtungi mdogo tunajaza 24,000 na unatufikisha wiki mbili, kwa hiyo wiki ni 12,000. Jumla 76,900. Gawanya kwa wanne, gawanya kwa siku saba, kila mtu anakula kwa chini ya 2,800 kwa siku: uji wa ulezi na karanga asubuhi, kiporo kwenye kontena mchana, na mlo kamili jioni. Sahani moja ya zege pale getini ni 3,000. Sahani moja! Na posho ya chakula na malazi inahesabiwa 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23 kwa wanaopata mkopo, lakini sote tunajua ile pesa inapita kwenye bando, fotokopi na mdogo wako anayedaiwa sare kabla haijafika tumboni.

Siri ya kwanza ni soko. Jumamosi asubuhi wawili wanakwenda Mabibo, pale Mahakama ya Ndizi, wanarudi na mzigo wa wiki. Siri ya pili ni kuloweka. Maharage yakilala kwenye maji usiku mzima, asubuhi ukamwaga yale maji, gesi inapungua sana na tumbo halitoi hotuba darasani. Ila yachemke kweli kweli na yaive, maharage mekundu mabichi yana sumu inayotapisha. Siri ya tatu ni chupa ya chai: unakoroga uji usiku, unaumwaga kwenye chupa, asubuhi uko tayari hata kama umechelewa kipindi cha saa 1. Na dagaa usiwadharau. Unawala na mifupa yao na vichwa vyao, ndio maana wana kalisi na madini kuliko kipande cha nyama ambacho kwenye sahani ya elfu mbili unakitafuta kwa tochi.

Na mlenda? Alhamisi ni siku ya mlenda. Maji yachemke, nyanya, magadi kidogo sana (yakizidi yanaua vitamini), unga wa mlenda, mwisho karanga zilizotwangwa. Yule yule aliyesema chumba kinanukia kama ghala ni mgeni wetu kila Alhamisi, anakuja na ndimu zake. Sijamkumbusha. Leo nimemkumbusha, hahaha!

Najua mtasema nini. "Muda uko wapi?" Hili nalijibu kwa hasira kidogo. Foleni ya chipsi usiku ni dakika 40, na hakuna anayesema imempotezea muda, kwa sababu uko kwenye simu. Sisi kila mtu anapika siku mbili hivi kwa wiki, siku nyingine anakuta chakula tayari. Na zile saa moja au mbili za jikoni ndizo pekee kwa siku ambazo sisomi chochote. Unakatakata mchicha, mwenzako anasonga, mnacheka, mnasemana. Anayekosa kuja kula siku mbili tunajua ana jambo, tunamfuata. Nadhani hapo ndipo penye dawa yenyewe ya msongo, pengine kuliko hata hayo madini. Brazil walipotoa mwongozo wao wa chakula mwaka 2014 hawakuishia kutaja vyakula tu, waliandika watu wale pamoja na wafundishane kupika. Serikali nzima imeandika hivyo. Bibi zetu walikuwa wanatuita "njooni sinia moja" na hatukuona ni sayansi.

Kuna jambo lingine, kaka zangu, vumilieni. Makundi mengi ya kupika hapa chuoni ni wasichana wanapika, wavulana wanachanga hela na kuja na vijiko. Hiyo sio kupunguza msongo, ni kuuhamisha kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Mimi nina testi kama wewe. Kwetu zamu ni zamu. Mmoja wa hao wavulana wiki ya kwanza alitupikia ugali wenye mabuja utadhani kokoto za ujenzi, tukaula, hatukumtoa kwenye zamu. Sasa hivi anasonga kuliko mimi na anajisifu mpaka anachosha.

Na mwisho kwa wakubwa wetu, kama wanapita hapa. Hosteli nyingi zinakataza kupika vyumbani. Sikatai, moto hauna adabu, na vile vihita vya kuficha chini ya kitanda vinaweza kuchoma jengo zima na sisi ndani. Lakini kukataza bila kutoa njia ni kutusukuma kwenye zege na kopo, au kwenye kile kihita cha kuficha. Mimi nilikuwa na unga, mlenda na karanga ndani ya chumba, na hakukuwa na mahali halali pa kuchemsha maji. Aibu ilikuwa yangu, hilo nalikubali. Jiko halikuwa langu. Nchi hii ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaotaka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Sisi wa hosteli tumo kwenye hiyo 80 au tunahesabiwa kama hatuli? Chumba kimoja kila jengo, meza za zege (la saruji safari hii), sinki, majiko ya umeme, luku yake tunachangia wenyewe, na mtungi wa kuzimia moto ukutani. Hatuombi hoteli.

Naomba nisieleweke vibaya. Kuna msongo ambao hautoki kwa maharage. Kuna mwenzetu ana deni la ada, kuna aliyefiwa, kuna anayesumbuliwa na mtu mwenye mamlaka juu ya maksi zake. Kuna ambaye moyo ni mzito wiki baada ya wiki na haoni sababu ya kuamka. Huyo usimwambie "kula dona utapona", ni matusi. Mpelekee sahani, kaa naye, kisha mfuate mkaonane na mshauri wa wanafunzi au daktari pamoja. Sahani kwanza, lakini isiishie kwenye sahani. Na mimi mwenyewe damu yangu haikupanda kwa mlenda peke yake, vidonge nilimeza vyote, vinavyofunga choo na kila kitu. Miezi mitatu baadaye ilikuwa 12.3. Sapu nilifaulu.

Mama hajui habari ya ule mfuko. Aliponipigia kuuliza kama mlenda ulifika salama, nikamwambia ulifika, tena umeisha, anitumie mwingine. Sentensi ya pili ndiyo ya kweli siku hizi. Wa mwezi uliopita umefika, karanga zimechambuliwa kama kawaida yake. Akisoma hapa siku moja, mama, nisamehe. Nitakwambia mwenyewe nikija likizo.

Haya, maharage yameiva, nanusa hapa. Leo zamu ya nazi ni ya kaka yetu wa Tanga na hataki mtu amwingilie. Naomba kuwasilisha. Mwenye njia ya kupika kisamvu bila kumaliza mtungi wa gesi atupie hapa chini, tunamngoja kwa hamu. UE njema wadau, na kuleni kabla hamjaingia chumba cha mtihani!